Unene wa Senti Moja

Wifi yangu Verna Sowders hapendi kuharakishwa. Asiyeamini aende gerejini kwake amwambie, "Fanya chapchap kidogo." Mimi nilimwambia hivyo mara moja tu, mwaka alioolewa na kaka yangu Gaylon. Alinitazama juu ya miwani, akarudi kwenye kazi yake, nami nikashinda na njaa mpaka jioni kwa kuwa ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake.

Kazi yake ni kujenga injini za mashindano. Jimbo letu la Indiana linasifika kwa magari yanayozunguka na kuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani, lakini sisi wa Pell Creek tunapenda mbio za mstari ulionyooka. Magari mawili yanasimama bega kwa bega, taa inageuka kijani, na kabla hujamaliza kupiga chafya yameshafika mwisho. Kaka yangu alizipenda mbio hizo tangu enzi alipokuwa na nywele. Verna alizikuta ndani ya ndoa, kama mtu anavyomkuta mama mkwe, akaona kama haziondoki basi afadhali azisimamie mwenyewe.

Ujana wake aliumalizia kiwandani, walikokuwa wakitengeneza giaboksi. Alikuwa mkaguzi. Kila kifaa kilichopita mbele yake alikipima, na kisichofaa alikitupa pipani hata kama msimamizi alikuwa karibu kulia. Kisha kiwanda kikafungwa. Wenzake wengine walihamia kusini, wengine walihamia kwenye chupa. Yeye alikwenda kwenye mnada wa mashine za kiwanda kilekile, akarudi na mashine ya kukereza na nyingine ya kusawazisha vyuma, zimefungwa nyuma ya lori la jirani. Gaylon aliporudi kutoka kuwinda alikuta pembe zake zote za kulungu zimehamishiwa kibandani kwa kuku.

"Mke wangu, pembe zangu zimekukosea nini?"

"Hazijanikosea kitu. Hazina kazi tu. Na hapa sasa ni mahali pa kazi."

Gaylon alinung'unika wiki nzima, kisha akamnunulia taa nzuri ya kufanyia kazi. Ndivyo wanavyosuluhishana hawa wawili. Mimi niliolewa na kuachika nikiwa bado sijajifunza namna hiyo, kwa hiyo nawatazama kwa wivu kidogo na kwa furaha nyingi.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi yake, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mwaka ule nililia mbele za watu. Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka, na kila pistoni imeshikwa na mkono unaoitwa konrodi. Juu kabisa kuna kifuniko kizito, silinda hedi. Pistoni ikifika juu lazima ibaki nafasi kidogo kati yake na ile hedi. Nafasi ikiwa kubwa mno, nguvu zinapotea na gari linakuwa goigoi. Ikiwa ndogo mno, pistoni inagonga hedi, na kwa kasi ile haigongi ikaomba radhi. Konrodi inakatika, inatoboa injini, mafuta yanamwagikia matairi ya nyuma, na dereva aliyemo ndani anaelekea ukutani kama mtu aliyekanyaga sabuni.

Wakimbiaji wengi wanapenda konrodi za alumini kuliko za chuma, kwa sababu ni nyepesi. Lakini alumini ikipata joto inarefuka kuliko chuma, na injini ikikimbizwa sana inavutika zaidi. Kwa hiyo ukiwa mezani, vyuma vikiwa baridi, lazima uiachie nafasi ambayo huoni itumike wapi. Kwa konrodi za chuma Verna anaacha sehemu arobaini za elfu ya inchi. Kwa za alumini anaacha sitini. Sitini ni unene wa senti moja, ile ya rangi ya shaba inayobaki mfukoni bila kununua kitu. Wateja wanakuja kutoka Ohio na Kentucky wakimbembeleza apunguze, wapate nguvu zaidi. Mmoja alimwambia fundi wa mji wa pili anaacha hamsini.

"Basi mpelekee yeye," Verna akamjibu. "Na ununue ufagio ukiwa njiani, utakufaa kukusanyia vipande."

Yule bwana alicheka. Verna hakucheka. Mwisho injini ilijengwa kwa sitini.

Kupima kwenyewe ni jambo la kutazama. Anachukua udongo laini wa kuchezea watoto, anaubandika juu ya pistoni, anaupaka mafuta kidogo usinate. Anafunga hedi, anaizungusha injini polepole kwa mkono, anafungua tena. Udongo umebanwa. Anaukata kwa wembe kama anavyokata keki, kisha anapima unene wa kile kipande. Wakati huo hakuna anayeongea gerejini, hata redio inazimwa. Akimaliza, kipande cha udongo anampa mwenye injini. "Hii ndiyo nafasi yako," anamwambia. "Usiende ukaniharibia." Baadhi ya watu wazima, wenye wajukuu, wanakitia kile kipande kwenye pochi zao.

Kaka yangu naye alikuwa na sifa yake. Kila mwaka, kwenye shindano la kufunga msimu la uwanja wetu, Gaylon alifika fainali au alikaribia, na kila mwaka alishindwa. Mtangazaji wa uwanja alimpa jina la Mzee wa Pili, na jina likanata. Kwenye duka la vyakula vya mifugo watu walimsalimia, "Mzee wa Pili, habari za leo?" Yeye anacheka. Lakini mimi ni dada yake, tulilala chumba kimoja utotoni, na najua cheko lake lipi ni la kweli.

Mwaka huo daktari wa macho alimwambia wazi kwamba mtoto wa jicho amekua na msimu ujao hamruhusu tena kuendesha gari la mashindano. Kwa hiyo mwezi wa kumi ule ulikuwa nafasi yake ya mwisho ya kuwa wa kwanza. Alituambia hivyo jikoni kwangu, akiwa na kipande cha keki ya malai mkononi, kisha akakirudisha kile kipande kwenye sahani. Kaka yangu kurudisha keki! Hapo nikajua jambo hili ni zito.

Verna alimjengea injini upya. Alipima kila pistoni, akaitengeneza ili ikifika juu ije sawasawa kabisa na uso wa injini, isizidi wala isipungue. Kwa hiyo nafasi yote iliyobaki ilikuwa ni unene wa gasketi, ile karatasi ngumu inayobanwa kati ya injini na hedi. Aliagiza gasketi za sitini. Gaylon alimzunguka kama paka jikoni.

"Hamsini tu, mama. Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako ni sitini."

"Huyo Teo atanila mzima."

"Akule. Atakurudisha ukiwa kamili."

Teo Barrientos alikuwa kijana wa miaka arobaini na ushei, mfanyakazi wa maghala ya mahindi ya ushirika. Gari lake la bluu alilijenga mwenyewe kwa aina ileile ya injini kama ya kaka yangu, naye pia anatumia konrodi za alumini. Mtu wa utani, na mkewe Marisela ana utani kumzidi. Msimu ule alikuwa anashinda mfululizo, na kila mtu alijua Gaylon akifika fainali atamkuta yeye.

Siku yenyewe ilipambazuka na baridi, mahindi yameshavunwa, upepo unapita mashambani bila kizuizi. Verna aliamka akaanza na mafuta ya injini, akayapasha moto kwa kifaa cha umeme na kuifunika injini kwa blanketi langu zuri la sofa, bila kuniomba. Alumini ikiwa baridi sana inasinyaa, hataki iamshwe kwa kushtuliwa. Mimi kazi yangu uwanjani ni chakula. Nakaanga nyama ya nguruwe iliyopondwa mpaka inazidi mkate pande zote, naweka haradali na achari, na yeyote anayepita mbele ya trela letu anakula. Marisela alikuja asubuhi na mapema.

"Dada Roxie, nipe mbili. Moja ya Teo, moja ya huzuni ya kaka yako jioni."

"Chukua tatu," nikamwambia. "Ya tatu utamfutia Teo machozi."

Kaka yangu alishinda mbio baada ya mbio. Sijui kama ni injini, au ni yeye mwenyewe aliyejua hakuna mwaka mwingine, lakini aliondoka kwenye taa kama amechomwa sindano. Nusu fainali akashinda tena. Tulipiga makelele mpaka sauti ikanikauka. Kisha akarudi kwenye trela, na nyuma ya gari ekzosi ilikuwa inatoa mvuke mweupe.

Verna hakuhitaji kuambiwa. Injini ile ina hedi mbili, na gasketi ya upande wa kulia ilikuwa imeungua na maji yanaingia kwenye silinda. Si kitu cha kutisha, kinatokea, na watu wetu wanajua kuivua hedi uwanjani na kuifunga tena kabla fainali haijaitwa. Alikuwa ameshafungua nusu ya bolti wakati Gaylon anatafuta gasketi ya akiba ndani ya trela. Akatoka nayo anatabasamu. Verna akaitoa kwenye mfuko, akaitazama, akaipima kwa maikromita yake.

"Gaylon. Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye msumari wa gasketi. Pale ukutani."

"Msumari upi?"

Gerejini mwao kuna misumari miwili. Mmoja ni wa gasketi za siku hizi. Mwingine ni wa zile za zamani, za wakati gari lilipokuwa na konrodi za chuma, ambazo Verna hakuzitupa kwa sababu hatupi kitu kizima. Mifuko yake inafanana. Gaylon, kwa macho yake yale yenye ukungu na kwa haraka ya kufunga mizigo, alikuwa amechukua zote kwenye msumari wa zamani. Ilikuwa gasketi ya arobaini.

"Inaingia," Gaylon akasema. "Matundu ni yaleyale."

"Matundu yanaingia. Pistoni ndiyo haina pa kwenda."

"Mbio moja tu, Verna. Sekunde tisa. Nitaachia mafuta mapema, kabla ya mstari."

"Wewe? Uachie mapema? Tangu unioe hujawahi kuzima mapema hata taa ya chooni."

Watu waliokuwa karibu walicheka, wakaacha. Uso wa kaka yangu haukuwa wa kuchekwa. Alinigeukia mimi.

"Roxie, mwambie wifi yako."

"Mimi nimekuja kukaanga nyama," nikasema. Na moyo wangu ulikuwa umegawanyika katikati, kwa sababu nilitaka ashinde. Nilitaka siku moja tu watu wa duka la vyakula vya mifugo wamwite jina lake.

"Gari hili ni la nani?" Gaylon akauliza, sauti imepanda.

Verna alikuwa ameshaweka spana chini. Alikaa juu ya sanduku la vifaa, akaifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Gari ni lako. Injini ni yangu. Na mume ni wangu pia, kwa hiyo kura ni mbili kwa moja. Hatukimbii."

Kaka yangu alitembea mpaka mwisho wa trela, akasimama akitazama shamba tupu. Verna alibaki juu ya sanduku, macho chini. Watu wengine walidhani amekaza roho. Mimi nilikuwa karibu, niliona anaifuta tena mikono iliyokwisha kuwa safi. Alijua anachomnyima. Alikuwa amekijenga mwenyewe kwa mikono ileile, miezi mitatu.

Habari uwanjani haina miguu lakini inafika. Kabla sijageuza nyama iliyokuwa kwenye kikaango, Teo Barrientos alikuwa anakuja kati ya matrela, kofia imegeuzwa nyuma, amebeba mfuko bapa juu ya kichwa kama mhudumu wa hoteli.

"Nasikia hapa kuna wazee wanaogombana."

"Hatugombani," Verna akasema. "Tumemaliza."

"Mama, hii ni ya sitini. Ndiyo pekee niliyo nayo, kwa hiyo msinipasulie."

Gaylon akageuka. Teo akaendelea kutania, lakini macho yake yalikuwa kwa kaka yangu. "Mzee, nikikimbia peke yangu kule nitawaambia nini watoto? Nimeishinda hewa? Mimi nataka nikuone unakula moshi wangu kwa macho yako hayo mabovu."

Kwetu ni desturi, na sitaki kumsifu Teo kwa kitu ambacho mtu mwingine yeyote angekifanya. Mshindani akiharibikiwa unampelekea kifaa, kisha unamfunga. Lakini desturi ni rahisi kuitaja kuliko kuitoa mkononi, hasa ukiwa na moja tu, na injini yako mwenyewe bado ina mbio ya mwisho mbele yake. Teo alikuwa na moja tu.

Verna aliipokea. Akatoa maikromita akaanza kuipima, kona hii, kona ile.

"Mama! Nakuletea zawadi unaipima?"

"Hata pete ya ndoa niliipima."

"Ikawaje?"

"Ilizidi. Nikaivumilia."

Hapo ndipo Gaylon alipocheka, cheko lake la kweli, na mimi nikageukia kikaango changu ili wasinione. Teo alikwenda kuwaambia wasimamizi kwamba hayuko tayari na wala hatakuwa tayari mpaka Mzee wa Pili awe tayari. Kisha akarudi, akavua koti, akashika upande mmoja wa hedi, Gaylon akashika upande wa pili, wakaishusha taratibu huku Verna akiielekeza. Marisela alishika tochi akiwakaripia wote watatu. Bolti zikafungwa kwa mpangilio wake, Verna akizirudia moja moja, na hakuna aliyemwambia afanye haraka.

Fainali ikaitwa. Mimi na wifi yangu tulisimama kwenye uzio wa waya. Magari yakachoma matairi, moshi ukatufunika, yakasogea kwenye mstari. Taa ikashuka, kijani. Kaka yangu aliondoka kwanza! Nilimwona kwa macho yangu, pua ya gari jekundu mbele ya la bluu, na ikabaki mbele, na nilikuwa nimeshaanza kuruka.

Kisha sauti ikabadilika. Injini ilipanda ghafla, ikapiga ukelele ambao sijapata kuusikia, mwembamba, unaopanda bila kikomo. Verna alinishika mkono wa juu. Alama za vidole vyake zilikaa siku kadhaa. Ukelele ukakatika. Gari la bluu likapita, taa ya ushindi ikawaka upande wa Teo, na gari la kaka yangu likaendelea kuteleza kimyakimya, limenyooka, limenyooka, mpaka likasimama kwenye nyasi za mwisho wa uwanja.

Verna alikuwa ameshaanza kutembea. Hakukimbia. Nilimfuata nikikimbia kwa sababu hatua zake ni ndefu. Tulipofika, Teo alikuwa amesharudisha gari lake na ameshuka kabla yetu, na kaka yangu amesimama kando ya gari, amevua helmeti, anapiga teke tairi.

"Wa pili tena! Roxie, umeona? Wa pili tena!"

Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma, ilikuwa imekatika. Injini ilipokosa mzigo wa kuvuta ilikimbia peke yake kama wazimu, mpaka mguu wa Gaylon ulipoachia mafuta. Verna aliingiza kichwa ndani ya gari akaitazama mita ya mizunguko, ambayo ina mshale mdogo unaobaki pale ilipofikia. Aliutazama kwa muda. Kisha akaurudisha kwenye sifuri bila kutuambia ulisema nini. Akamfunga kaka yangu zipu ya koti mpaka shingoni kana kwamba ni mtoto wa chekechea, akasema twende tukale.

Jumatatu aliifungua injini. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikwenda kudai blanketi langu. Aliivua hedi ya kulia, ile yenye gasketi ya Teo, akaigeuza chini ya taa. Juu ya kila pistoni, na ndani ya hedi, kulikuwa na masizi meusi, kama kawaida. Lakini kwenye pistoni moja, ukingoni, palikuwa na mahali pasafi. Kijisehemu chembamba cha alumini inayong'aa, umbo la ukucha uliokatwa. Masizi yalikuwa yamefutwa. Na juu yake, ndani ya hedi, palikuwa na ukucha mwingine, sawasawa na ule.

"Gaylon," akaita. "Njoo hapa."

Kaka yangu alikuja akiwa bado ananung'unikia propela. Verna alimshika kidole, kidole chenyewe cha shahada, akakiweka pale penye kung'aa. Hakumweleza. Gaylon amekuwa kwenye injini maisha yake yote. Nilimwona anaelewa. Ile sitini yote ilikuwa imetumika. Konrodi zilikuwa zimerefuka na kuvutika mpaka zikamaliza nafasi yote ziliyoachiwa, na pistoni ikafika ikagusa, ikaishia kufuta masizi. Kwa gasketi ya arobaini isingegusa tu. Ingegonga tangu mbali, kwa nguvu zote, na kaka yangu akiwa ndani, ukuta wa zege upande wake wa kushoto.

Akavuta ndoo akaikalia.

"Kama ungeniachia niiweke ile ya arobaini," akasema.

"Nisingekuachia."

"Lakini kama ungeniachia..."

"Gaylon. Nisingekuachia."

Alasiri ile tulikwenda nyumbani kwa Teo, watatu kwenye gari moja. Verna alikuwa amefunga ile pistoni kwenye taulo safi la jikoni. Marisela alitufungulia mlango akiwa na unga mikononi, nyumba nzima inanukia tamale, zile za unga wa mahindi na nyama zinazopikwa ndani ya maganda ya mahindi, na akaanza palepale, "Mzee wa Pili, umekuja kuomba marudiano?" Kisha akaona sura ya Verna, akatupisha tuingie.

Teo alikuwa mezani na watoto wake. Verna alifungua taulo mbele yake.

"Hii imetoka upande wa gasketi yako."

Teo aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza kuelekea dirishani. Kidole gumba kikapita ukingoni, kikasimama pale. Kikarudi tena, kikapapasa.

"Iligonga," akasema polepole.

"Haikugonga. Ilibisha hodi," Verna akasema. "Ilifika mpaka mlangoni, ikabisha hodi, ikarudi. Mlango ulisogezwa na wewe." Sauti yake, ambayo hata msibani kwa mama yake haikuyumba, ikayumba. "Sikuja kukurudishia gasketi. Nimekuja kukushukuru kwa mume wangu."

Teo hakuwa na utani. Nilimtazama anautafuta, haupo. Aliinuka akamkumbatia Verna, mrefu akamwinamia, na Marisela akajishika mdomo kwa mikono yake yenye unga. Mimi nililia wazi, mbele ya watoto wa watu, wala sikuona haya. Nimemshukuru Mungu kwa mambo mengi maishani, mengine kwa mazoea tu ya mdomo. Siku ile nilimshukuru nikimtaja Teo kwa jina, na nikimtaja wifi yangu kwa jina, mmoja kwa kutoa na mmoja kwa kukataa.

Tukakalishwa. Hukai nyumbani kwa Marisela ukaondoka bila kula. Kaka yangu alikula tamale mpaka maganda yakajaa sahani mbele yake, na alipopata nguvu akaanza tena kuhusu propela, jinsi alivyokuwa mbele, kila mtu alimwona yuko mbele, laiti isingekatika, laiti Teo angekuwa na adabu ya kupunguza mwendo kidogo kumngoja mzee. Wa pili, akasema. Atazikwa akiwa wa pili.

Hakuna aliyemkatiza. Tulikaa tukimsikiliza akilalamika, watoto, Teo, Marisela na mimi, na Verna akamwekea tamale nyingine.